UZI: Kiwango cha lugha ya programu kikirekebishwa, tuongeze vipengele au tuiache lugha ibaki ndogo?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeona nilimwage hapa tulijadili. Kila lugha ya programu ikifika zamu ya kutolewa toleo jipya la kiwango chake (ule waraka rasmi wa kanuni za lugha) linarudi swali lile lile, tuongeze vipengele ambavyo watu wanavililia au tuiache lugha ilivyo ili mtu mmoja aweze kuibeba yote kichwani? Msimamo wangu nausema mapema: kipengele kikishaingia kwenye kiwango hakitoki, na kikitoka kinatoka baada ya miaka mingi kikiwa kimeshaumiza watu, kwahiyo anayetaka kuongeza ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha, sio anayekataa.

Nianze na kilichonikuta. Kuna kifaa kidogo nililetewa nikitazame, programu yake imeandikwa kwa C, kinapokea ujumbe kwenye mtandao, kinauchakata, kinajibu. Ugonjwa wake kila baada ya siku mbili tatu kinajizima na kuwaka chenyewe, hamna kosa linaloandikwa popote, na ukikiweka mezani ukakipima kinafanya kazi vizuri tu. Nilihangaika nacho karibu wiki nzima, nikabadili pawa saplai, nikashuku chipu, nikasoma kodi kutoka juu mpaka chini mara mbili. Mara ya tatu ndio nikauona mstari huu:

`char buf[n];`

Basi, ndio huo tu, yani nitengee arei (safu ya nafasi za memori) ya baiti `n` kwenye steki, ile memori ndogo ya muda ya programu. Hiyo `n` ilikuwa inasomwa kwenye baiti mbili za mwanzo za ujumbe wenyewe, yani inaweza kufika 65,535, na steki nzima ya kile kifaa ni baiti 8,192. Ujumbe wa kawaida ulikuwa mfupi ndio maana mezani hakisumbui, ila ukija mmoja mrefu arei inamwagika nje ya steki inakanyaga kila kitu.

Mtasema aliyeandika ni mzembe. Sawa, ila tuangalie lugha ilivyomruhusu. Kwenye kiwango cha 1989 ule mstari haukompaili, yani kompaila (programu inayogeuza kodi iwe ya mashine) inaukataa, ukubwa wa arei lazima ujulikane kabla programu haijakimbia. C99, kiwango cha 1999, ndio ikaleta arei za ukubwa unaobadilika. Kwa macho kilikuwa kipengele kidogo sana, kuondoa sharti moja tu, hata neno jipya halikuongezwa. Sasa hesabuni kilichofuata. Ukiomba memori kwa `malloc` ikakosekana unapewa NULL unajua umekosa, hapa ikikosekana hamna namna yoyote ya kujua, unakufa tu. `sizeof`, ile ya kuuliza kitu kina ukubwa gani, ambayo miaka yote ilikuwa inahesabiwa na kompaila sasa saa nyingine inahesabiwa programu ikiwa inakimbia. `goto`, amri ya kuruka kwenda mstari mwingine, ikabidi iwekewe katazo jipya, huruhusiwi kuruka kuingia eneo ambalo arei ya namna hiyo imetangazwa, na `switch` nayo vile vile. Ndani ya struct hairuhusiwi. Kila sehemu ya lugha ambayo ilikuwa imetulia ikabidi ifunguliwe iulizwe, na wewe je ukikutana na huyu mgeni unafanyaje?

Ndio maana mimi ukubwa wa lugha siupimi kwa idadi ya vipengele, naupima kwa idadi ya mahali ambapo vipengele viwili vinakutana. Ukiwa na kumi na ukaongeza kimoja hujaongeza kimoja, umeongeza maswali kumi.

Na mwisho wa hiyo hadithi mnaujua, C11, kiwango cha 2011, ikakirudisha nyuma kikawa cha hiari, kompaila ikitaka inakuwa nacho isipotaka basi. Linux wakazisaka arei hizo kwenye kerneli yao, ule moyo wa mfumo, wakazitoa zote, wakamaliza 2018. Kitu kilichoingia 1999 kama maendeleo kikahitaji watu wa kukifagia.

Karibuni.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Mkuu umegusa penyewe. Naongezea kwenye hilo la kutoka, angalia `gets`. Ile fankisheni inasoma mstari mzima inauweka kwenye memori yako bila kuuliza memori yako ina nafasi kiasi gani, yani haina hata pa kukwambia. Novemba 1988 ule mnyoo wa intaneti wa kwanza kutikisa dunia, mlango wake mmoja ulikuwa huo huo `gets` kwenye programu ya finger ya Unix. Mwaka uliofuata kiwango cha kwanza cha C kikatoka na `gets` ikiwa ndani. Kwa nini? Kwa sababu kodi za watu zilikuwa zinaitumia na kamati ilijifunga kutozivunja. Imekuja kuondolewa C11. Miaka 23 baada ya watu wote kuona kwa macho yao.

Kwahiyo mtu akiniambia "tuweke kwanza tutakirekebisha toleo lijalo" mimi namuuliza, lijalo lipi?

#3 Mchangiaji wa pili

Naomba nitofautiane na mleta uzi kwa heshima zote.

Mimi kazi yangu ni hesabu za matriki, na hizo arei unazozisema zimeniokoa. Kabla ya C99 ukitaka kuandika fankisheni inayopokea matriki ya ukubwa wowote ulikuwa unapitisha pointa tupu (anwani tu ya memori) unaanza kuandika `a[i*n+j]` kila mahali. Ukikosea ukaweka `a[j*n+i]` mahali pamoja kwenye mistari mia mbili kompaila haisemi kitu na majibu yanatoka yanayofanana na ya kweli, hayo ndio majibu hatari kuliko yote. Wenzetu wa Fortran walikuwa na hili toka zamani wanatucheka. Sasa hivi naandika:

`void zidisha(int n, double a[n][n], double b[n][n])`

na ndani naandika `a[i][j]` kama mtu mwenye akili zake. Mtu asiyejua programu lakini anajua matriki anaweza kuisoma akanionyesha kosa. Huo nao sio usahili?

Shida ninayoiona kwenye hii mijadala mnasema usahili bila kusema usahili wa nani. Wa anayetengeneza kompaila? Wa anayeandika kile kitabu cha kiwango? Wa anayesoma kodi yangu mwakani? Hawa ni watu watatu tofauti na mara nyingi ukimrahisishia mmoja umemtwisha mwenzake.

#4 Mleta uzi

Mkuu hapo umenishika vizuri na sitaki kukwepa.

Nimerudi kusoma mstari wako na mstari wangu nikaviweka pamoja. Wako hauombi memori yoyote. Matriki iko tayari mahali fulani, unachofanya ni kumweleza kompaila umbo lake. Wangu mimi unaomba memori kwenye steki na hauna namna ya kukataliwa. Ni vitu viwili tofauti kabisa, kimoja ni aina na kingine ni pa kuhifadhia, ila 1999 viliingia vikiwa vimefungwa kwenye kifurushi kimoja kwa sababu vinaandikwa kwa sura moja.

Na C23, kiwango cha karibuni, ndivyo walivyokuja kufanya, wamevitenganisha. Ile aina unayoitumia kwenye matriki imerudi kuwa lazima kwa kila kompaila, ile ya kujaza steki imebaki ya hiari. Miaka zaidi ya ishirini kugundua kwamba kilikuwa sio kipengele kimoja.

Kwahiyo nabadili nilichosema mwanzo, sio kwamba kilistahili kukataliwa, kilistahili kukatwa vipande kwanza na kila kipande kipimwe peke yake. Hilo nalichukua. Ila bado nasema mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeongeza, maana kazi ya kukata vipande ni ya nani kama sio yake?

#5 Mchangiaji wa tatu

Wakuu mimi natokea upande wa lugha ya Go na tumeishi upande wa pili wa hii mada, upande wa kukataa. Go 1 ilitoka Machi 2012 na ahadi kwamba kodi yako haitavunjwa, maneno maalum 25 tu, unaisoma lugha nzima wikendi moja. Raha kweli sio siri. Lakini haikuwa na jeneriki, yani uwezo wa kuandika fankisheni moja ikafanya kazi kwa aina tofauti za data.

Niwaonyeshe maana yake kwenye kazi za kila siku. Una orodha ya watu unataka kuipanga kwa umri. Miaka ya mwanzo ilikuwa inabidi utangaze aina mpya, halafu uiandikie fankisheni tatu, `Len` ya urefu, `Less` ya kusema nani yuko mbele, `Swap` ya kubadilishana nafasi. Kati ya hizo yenye akili ni moja tu, hiyo ya katikati, zile mbili ni maneno yale yale kila siku. Kesho unataka kupanga orodha ya bidhaa, unaandika tatu nyingine. Keshokutwa tatu nyingine. Nimewahi kufungua mradi mmoja nikakuta `Swap` zaidi ya thelathini zote zinafanana herufi kwa herufi isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo ilikuwa na bagi (kosa). Kwa sababu mtu ukishaona ishirini zinazofanana jicho halisomi tena linapita tu.

Jeneriki zimekuja kwenye Go 1.18, Machi 2022. Miaka kumi kamili. Sasa nauliza, ile miaka kumi lugha ilikuwa rahisi kweli? Kitabu chake kilikuwa kifupi hilo nakubali. Lakini ugumu haukuondoka, ulihamia kwenye kodi zetu ukazaliana huko, na kule hamna kamati ya kuupunguza.

#6 Mchangiaji wa kwanza

Ila mkuu na wewe kuwa mkweli, hiyo miaka kumi haikupotea bure. Walileta mapendekezo wakayatupa, wakaleta mengine wakayatupa, na ile iliyoingia mwisho imechujwa vya kutosha. Wangeingiza ile ya kwanza leo mngekuwa mnaishi nayo.

#7 Mchangiaji wa tatu

Hilo nakubali, iliyoingia ni nzuri. Nachosema tu ni kwamba kusubiri nako kuna bei na waliolipa ni sisi, isiandikwe kama vile kusubiri ni bure.

#8 Mchangiaji wa nne

Nimefurahia huu uzi sana. Niongezee mfano mmoja mdogo wa hiyo "usahili wa nani" maana umenikaa.

Kwenye C++ ya 1998 ukiandika orodha ya orodha za namba hivi:

`vector<vector<int>> x;`

ilikuwa inakataa. Kompaila ikiona `>>` inasoma ile alama ya kusogeza biti kulia, kwa hiyo ulilazimika kuacha nafasi katikati, `> >`. Kanuni ya kiwango ilikuwa rahisi na safi kabisa, chukua alama ndefu kuliko zote unayoweza kuichukua, mstari mmoja umemaliza. Lakini kila anayejifunza alikuwa anagonga hapo, anapewa ujumbe wa kosa usio na mbele wala nyuma, anakaa nusu saa kwa ajili ya nafasi moja.

C++11 ikaongeza ubaguzi kwenye kanuni, kwamba ukiwa ndani ya mabano ya tempuleti (kodi ya ukungu unayoijaza aina ya data, kama hiyo `vector`) basi `>>` isomwe kama kufunga mara mbili. Kiwango kikawa kirefu zaidi, kanuni ikapoteza usafi wake, watengeneza kompaila wakaongezewa kazi, na lugha ikawa rahisi kwa kila anayeiandika. Tena kipengele hicho hakikuongeza hata kitu kimoja cha kujifunza, kiliondoa. Hiyo ndiyo aina ya nyongeza ninayoipenda, unayoongeza na mtu mpya hajui kama ilishawahi kukosekana.

C23 nayo imefanya hivyo. Zamani ukiandika `int f()` kwenye C ilikuwa haimaanishi fankisheni isiyopokea kitu, ilimaanisha fankisheni ambayo sijasema inapokea nini, unaweza kuiita na vitu vitatu na kompaila ikakuangalia tu. Sasa inamaanisha kile ambacho kila mtu alidhani inamaanisha toka mwanzo.

#9 Mchangiaji wa tano

Samahani wakuu mimi ndio najifunza, nina miezi minne tu. Nilichoelewa ni kwamba lugha zinaongezeka kila toleo. Sasa mimi nikianza leo nisome yote? Maana nikifungua C++ naona njia tano za kufanya kitu kimoja na kila mafunzo yanasema ile ya mwenzake imepitwa na wakati.

#10 Mleta uzi

Swali lako ndugu yangu lina uzito kuliko unavyodhani. Jibu la haraka, usisome yote, shika toleo moja la karibuni na mwalimu mmoja, umalize.

Ila uliloliona ndilo linaloniuma mimi. Wakongwe huwa tunasema "kama hukitaki usikitumie". Sio kweli kwa anayesoma kodi ya wengine. Mimi naweza kuamua kutumia robo tu ya lugha, aliyeandika mradi ninaoingia kesho anatumia robo nyingine, na jirani yake ya tatu. Anayesoma lazima ajue zote. Mwandishi anachagua, msomaji hachagui. Na tunasoma kuliko tunavyoandika.

Bjarne Stroustrup mwenyewe aliyeianzisha C++ aliiandikia kamati 2018 akiwakumbusha meli ya Vasa, ile iliyozama Stockholm mwaka 1628 kwenye safari yake ya kwanza kabisa kwa kuwa nzito juu. Alikuwa hapingi maendeleo, na yeye mwenyewe ana mapendekezo yake mengi. Alichokuwa anakiogopa ni mapendekezo mengi kila moja zuri likiwa peke yake na hamna anayeangalia yakikaa pamoja yanafanya nini.

#11 Mchangiaji wa nne

Na hapo niseme kitu kuhusu kusubiri kwa sababu nahisi tunakiita woga wakati mara nyingine ni kazi.

1988 kamati ya kwanza ya C ilitaka kuingiza neno `noalias`, la kumwambia kompaila kwamba pointa hii haigusi memori ambayo nyingine inagusa, ili kodi ikimbie haraka. Dennis Ritchie aliyeitengeneza lugha hakuwa mtu wa kuingilia kazi za kamati, lakini hapo aliandika barua kwamba hilo neno lazima liondoke na hamna mazungumzo. Hoja yake ilikuwa ya kiufundi, kwamba maana yake ilivyoandikwa ingehalalisha kompaila kuharibu programu zilizo sahihi. Likatolewa. Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli, likakaa miaka kumi, watu wakalifanyia kazi, C99 likarudi kama `restrict` likiwa na maana finyu zaidi na linaning'inia kwenye pointa yenyewe. Tunalitumia mpaka leo.

C++ nayo ilikuwa na concepts (masharti ya aina gani ya data tempuleti inakubali) ambazo zilishapigiwa kura zikaingia kwenye rasimu, Julai 2009 wakazitoa zote. Watu walilia. Zilirudi C++20 zikiwa nyepesi kuliko zile.

Sasa linganisha na `export` ya tempuleti kwenye C++98 (ya kuitumia tempuleti kwenye faili lingine bila kodi yake yote kuwa pale), hiyo iliandikwa kwenye kiwango kabla mtu yeyote hajaitengeneza ikafanya kazi. Kundi moja tu la watengeneza kompaila, EDG, ndilo lililoimaliza, kwa jasho. Wengine hawakugusa. C++11 ikaifuta. Hii ndio kanuni ambayo mimi ningeiandika ukutani pa kila kamati, usiweke kwenye kiwango kitu ambacho bado kinaishi kwenye karatasi tu. JavaScript wameliweka hili kwenye utaratibu, pendekezo halifiki hatua ya nne mpaka kuwe na angalau utekelezaji wa aina mbili unaofaulu majaribio, na yote hayo wamejifunza baada ya toleo lao la nne kuwafia mikononi 2008.

#12 Mchangiaji wa sita

Kwenye JavaScript hapo mimi nina shuhuda. Mnakumbuka 2018? Kamati ilitaka kuongeza fankisheni ya kuzinyoosha arei zilizomo ndani ya arei, jina zuri la wazi, `flatten`. Brauza ikajaribiwa nayo, tovuti zikaanza kuvunjika. Kumbe maktaba moja ya zamani, MooTools, ilikuwa imeshaweka `flatten` yake kwenye arei zote na inafanya kazi tofauti kidogo. Kurasa ambazo hazijaguswa miaka mingi, waliozijenga hawapo, ila watumiaji wapo. Ikabidi iitwe `flat`.

Wengi walikasirika kwamba lugha nzima inafungwa na maktaba iliyozeeka. Mimi sikukasirika, nilifurahi kweli. Mtu anayefungua ukurasa wa zamani hajui kamati ni nini wala toleo ni nini, yeye anaona tu jana ulifunguka leo haufunguki. Herufi tatu za jina ni bei ndogo sana kumlipia mtu huyo.

#13 Mchangiaji wa tatu

Kweli, ila usivunje chochote milele nako kunajaza makabati. Njia ya katikati ipo. Watu wa lugha ya Rust wana matoleo wanayaita editions, 2015, 2018, 2021, 2024, kila kifurushi kinatamka chenyewe kinafuata lipi na vinaungana bila shida. Neno `async` lilipofanywa maalum 2018 kodi ya zamani yenye variabo ya jina hilo iliendelea kukompaili kama kawaida. Go nao walipobadili tabia ya variabo ya lupu kwenye 1.22, ile iliyokuwa inafanya kila mzunguko ushike variabo ile ile moja na kuleta bagi za ajabu, walifunga mabadiliko kwenye namba ya toleo iliyoandikwa ndani ya mradi wako. Hukubadili namba, hukuguswa.

Python walijaribu kwa mkupuo, Python 3 ikatoka Desemba 2008 na ya pili ikaja kuzikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Nilikuwa kwenye hiyo safari. Lugha iliyotoka upande wa pili ni safi zaidi, lakini miaka 11 watu wanaandika kodi moja kwa lugha mbili, sitaki tena.

#14 Mchangiaji wa pili

Mleta uzi, tumeongea sana ya nyuma. Tuache historia, nikupe la mbele uamue. `defer` kwenye C, yani unaandika mapema kazi ya kufunga na kurudisha vitu, inakimbia yenyewe mwishoni. Haikuingia C23, ilipelekwa kwenye waraka wake pembeni. Ungekuwa kwenye kamati ungepiga kura gani? Maana wewe ndio ulianza na kukataa.

#15 Mleta uzi

Ningepiga ndiyo, na naeleza kwa nini kwa kutumia vipimo ambavyo huu uzi umenifundisha.

Kwanza tatizo ni la kweli na linaonekana kwa macho. Fankisheni ya C inayofungua faili, ikaomba memori, ikashika kufuli, kila hatua ikishindwa lazima irudishe zilizotangulia kwa mpangilio wa kinyume. Tunafanya kwa `goto` na lebo zimepangwa chini kama ngazi. Nimesoma mamia ya hizo. Kosa ni lile lile kila siku, mtu anaongeza hatua mpya katikati juu anasahau kuongeza ngazi yake chini, na linajificha kwenye njia ya makosa ambayo hamna anayeijaribu. Kama ulivyosema mkuu wa Go, ugumu upo tayari, umelala tu kwenye kodi zetu.

Pili sio kitu cha karatasi. Kompaila ya GCC ina ile `cleanup` ya kuning'iniza kwenye variabo, inayofanya kazi kama hiyo, miaka mingi sana, miradi kama systemd na GLib inaitumia, na kerneli ya Linux imeanza kuitumia toka 2023. Watu walishapiga kura kwa mikono yao.

Tatu niliulizia inakutana na nani. Na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Inakutana na `goto`, inakutana na `return`, inakutana na `longjmp` (kuruka kutoka fankisheni moja kurudi nyingine), na wameandika makatazo, mfano huruhusiwi kufanya `return` ukiwa ndani ya `defer` yenyewe. Makatazo mimi siyapendi, lakini haya yanamfanya msomaji awe na uhakika kwamba kilichoandikwa pale kitakimbia mpaka mwisho.

#16 Mchangiaji wa tatu

Ngoja mkuu, ya kwenu inakimbia lini, mwisho wa fankisheni au mwisho wa bloku (kipande cha kodi kilicho ndani ya mabano `{}`)? Nauliza kwa sababu ya Go inakimbia mwisho wa fankisheni, na ukiiweka ndani ya lupu inayofungua faili elfu kumi, zote elfu kumi zinabaki wazi mpaka fankisheni iishe, na kabla haijaisha mfumo umeshakataa kukufungulia nyingine. Hilo limeniuma mara mbili.

#17 Mleta uzi

Mwisho wa bloku. Kila mzunguko wa lupu unafunga cha kwake kabla wa pili haujaanza. Ingekuwa mwisho wa fankisheni kompaila ingelazimika kutunza orodha inayokua bila kikomo mahali fulani, na kama mahali penyewe ni steki, tungekuwa tumerudi kwenye ule mstari wangu wa `char buf[n]`. Hapo kura yangu ingekuwa hapana.